Sanamu ya Wissmann, Dar es Salaam: ilibomolewa 1916 au ilihamishwa?

Mwl_Kivukoni

Wakuu, salaam. Naandaa kibao cha maelezo cha ukubwa wa A2 kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaotembezwa mjini, kuanzia Kivukoni hadi kwenye Sanamu ya Askari pale Samora na Azikiwe. Kibao kinahusu sanamu iliyotangulia, ile ya Mjerumani Hermann von Wissmann.

Tatizo ni hili. Maelezo mengi wanayopewa watalii yanasema sanamu hiyo ilisimamishwa 1911 na Waingereza wakaibomoa walipoingia mjini 1916. Papo hapo kuna picha za miaka ya 1960 kutoka Hamburg, Ujerumani, zikionyesha sanamu ileile imesimama mbele ya chuo kikuu, kisha imelala chini. Haiwezekani yote mawili yawe kweli.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie: ilisimamishwa lini hasa, iliondokaje Dar, na ilifikaje Hamburg hadi wanafunzi wakaiangusha? Halafu kuna maswali ya ufundi ambayo vijana huuliza na vitabu vya historia havijibu. Sanamu ya shaba inaangushwaje kwa kamba tu? Na mji ukiamua kuiondoa kwa utaratibu, kazi hiyo inakwendaje? Nafasi niliyo nayo ni maneno 120 hivi, kwa hiyo kila neno lazima liwe la uhakika.

MwanaPangani

Mwalimu, neno "ilibomolewa" liondoe kabisa. Sanamu iling'olewa, ikapakiwa melini na kupelekwa London kama nyara ya vita. Na mwaka wa kusimamishwa ni 1909, si 1911.

Anza na vita vyenyewe, maana bila hivyo mwanafunzi ataona mtu mwenye upanga asijue kaupata wapi. Mwaka 1888 pwani nzima iliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyokuwa imekodi mwambao kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Kaskazini kiongozi aliyetajwa zaidi alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi wa Pangani, na Saadani palikuwa na Bwana Heri. Kampuni ikashindwa. Januari 1889 bunge la Ujerumani likapitisha marki milioni 2, na Wissmann akapewa kazi ya kuirudisha pwani mikononi mwao. Askari aliwatafuta nje: Wasudani aliowaandikisha Misri, na Washangaan kutoka Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Tarehe 8 Mei 1889 aliivamia ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo, Juni akaingia Saadani, Julai Pangani. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alisalimu amri Aprili 1890, na mwezi uliofuata Kilwa na Lindi zikachukuliwa.

Wissmann alirudi kama gavana mwaka 1895 hadi 1896. Ni katika kipindi hicho Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa, Novemba 1895. Wenyeji wa Kilwa Kivinje hadi leo wanapajua Mwembe Kinyonga. Ukiandika kwamba Wissmann alikuwa "mpelelezi wa Afrika", kama baadhi ya vitabu vya zamani vinavyofanya kwa sababu alivuka bara kutoka magharibi hadi mashariki 1881 na 1882, utakuwa umeacha nusu ya maisha yake iliyotuhusu sisi.

Alikufa Juni 1905 huko Austria, kwa bunduki, akiwa mawindoni. Mwezi uliofuata Maji Maji ikalipuka Matumbi. Vyama vya kikoloni Ujerumani vilichanga fedha, mchongaji Adolf Kürle wa Berlin akatengeneza sanamu, na ikazinduliwa Dar es Salaam 1909. Angalia tarehe hizo kwa makini. Sanamu ya mtu "aliyetuliza pwani" inasimamishwa miaka miwili tu baada ya vita vilivyoua watu kusini kwa bunduki na kwa njaa hadi vijiji vikabaki mahame. Aliyeiagiza alijua anamwambia nani na anamwambia nini.

Muundo wake: Wissmann juu ya kitako cha mawe, sare ya nchi za joto, mkono kwenye upanga, macho kuelekea bandarini. Chini yake askari Mwafrika anamtazama kwa juu huku akilaza bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyekufa. Kitako kilikuwa na maandishi kwa Kijerumani, Kiarabu na Kiswahili. Ya Kiswahili yalimsifu kuwa ameituliza pwani na kuwaonyesha watu njia njema.

Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Baada ya vita sanamu ikaenda London. Mwaka 1921 wakakubali kuiachia kwa Wajerumani, na 1922 ikasimamishwa Hamburg, mbele ya jengo kuu la chuo kikuu. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Hamburg ndiyo bandari ya meli zilizokuja kwetu, chuo kile kilianzishwa 1919 kikarithi Taasisi ya Kikoloni iliyofunguliwa 1908, na Kiswahili kilikuwa kikifundishwa humo. Kutoka 1922 maana ya sanamu ikageuka. Dar ilikuwa amri kwa watawaliwa. Hamburg ikawa kumbukumbu ya vita na ya makoloni yaliyopotea, mahali pa kukutania wale waliotaka yarudishwe. Mwaka 1935 wakaiwekea jirani, sanamu ya Hans Dominik, afisa aliyepigana Kamerun.

Ilidhurika katika mashambulizi ya ndege mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, na 1949, vita vikiwa vimekwisha na Hitler amekufa, mji ukaisimamisha tena. Hili lisipite kimyakimya kwenye kibao chako. Mwaka 1961 wanafunzi wa chuo waliomba kwa njia ya kawaida iondolewe, hawakusikilizwa. Majaribio ya kuivuta yakaanza Agosti 1967, Septemba mwaka huohuo ikaanguka, mji ukairudisha. Usiku wa mwisho wa Oktoba 1968 ikaangushwa tena pamoja na Dominik, na safari hii haikurudishwa. Ikawekwa stoo chini ya kituo cha kutazamia nyota cha Bergedorf, nje kidogo ya katikati ya Hamburg.

Haikufa huko. Mwaka 2004 hadi 2005 msanii Jokinen aliitoa stoo na kuisimamisha bandarini Hamburg kwa zaidi ya mwaka mmoja, watu wakaalikwa kujadili mtandaoni ifanyweje. Mwaka 2016 makumbusho ya historia ya Ujerumani, Berlin, yaliionyesha ikiwa imelazwa chini.

FundiShaba

Nitajibu la ufundi, maana hapo ndipo hadithi nyingi za mtandaoni zinapoharibika.

Kwanza, sanamu za aina hii ni tupu ndani. Shaba iliyochanganywa na bati humiminwa kwenye kalibu kwa vipande: kichwa, kiwiliwili, mikono, miguu. Kisha vipande huunganishwa kwa pini na kupondwapondwa kwenye maungio hadi mstari usionekane. Unene wa ukuta kwa kawaida ni milimita 5 hadi 10. Kupata uzito, piga hesabu hivi. Lita moja ya shaba hii ina uzito wa karibu kilo 8.8. Ukuta wa milimita 8, eneo la mita moja ya mraba, ni lita 8, yaani kilo 70. Mtu wa shaba mwenye urefu wa mita 2.5, akiwa na nguo, viatu na upanga, ana eneo la mita za mraba 4 na nusu hivi. Jumla inakuja kilo 315, na ukiongeza bamba la miguuni unakaribia 350. Watu hudhani ni tani tatu nne. Tani hizo ziko kwenye kitako cha mawe, si kwenye sanamu.

Sasa kamba. Chukua mfano huohuo wa kilo 350, bamba la miguuni lenye upana wa sentimita 60, kamba imefungwa shingoni kwenye mita 2.3. Kama sanamu imesimama kwa uzito wake tu, nguvu ya kuipindua ni 350 mara 0.3 gawanya kwa 2.3, yaani karibu kilo 46. Watu wawili wanaiweza. Kinachoishikilia, kwa hiyo, ni pini zinazotoka miguuni na kuzama kwenye jiwe, zikiwa zimemwagiwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa au saruji. Ndiyo maana kila sanamu inayovutwa hufa kwa njia moja kati ya tatu. Pini zikiwa za chuma na zimekula kutu, zinakatika. Pini zikiwa nzima na jiwe likiwa na ufa, jiwe linapasuka na sanamu inaondoka na bonge la mawe miguuni. Vyote viwili vikiwa imara, shaba inachanika kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu hapo ndipo pembamba na ndipo mkunjo wote unapoishia.

Hii pia inaeleza kwa nini sanamu iliyokwisha kuangushwa mara moja ikirudishwa huanguka kirahisi mara ya pili. Tundu la zamani limepanuka, jiwe lina nyufa za nywele, na pini mpya imeshikwa na saruji isiyoshikana vizuri na jiwe lililochakaa. Fundi makini hutoboa matundu mapya pembeni ya yale ya zamani na kuzamisha pini ya chuma kisichoshika kutu angalau sentimita 25. Mji wenye haraka ya kuonyesha kwamba haujashindwa huziba tu na kusimamisha.

Hatari kwa watu si ndogo. Mwaka 2020 huko Portsmouth, Virginia, Marekani, mtu mmoja aliumizwa vibaya kichwani na sanamu ya askari wa Shirikisho la Kusini wakati waandamanaji wanaivuta. Sababu ni rahisi: wavutaji husimama upande ambao sanamu itaangukia, na pini inapokatika hakuna onyo. Kamba inalegea ghafla, wa mbele wanaanguka chali, mzigo unakuja juu yao.

Kazi ya utaratibu inakwenda hivi.

Hatua ya kwanza ni karatasi. Nani mmiliki: halmashauri, wizara, chama kilichochanga, au imetangazwa kuwa urithi wa taifa? Kenya, kwa mfano, sanamu iliyotangazwa chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 haiguswi bila idhini. Ukiruka hapa, mtu mmoja akienda mahakamani kazi inasimama kreni ikiwa barabarani, na kreni inalipiwa kwa saa.

Ya pili ni kumbukumbu kabla ya kugusa. Piga picha kuzunguka sanamu kwa pete tatu, chini, katikati na juu, kila picha ikirudia asilimia 60 hadi 80 ya ile iliyotangulia, na fito yenye vipimo iwe ndani ya fremu. Picha 150 hadi 200 zinatosha kutengeneza umbo kamili kwenye kompyuta. Nakili maandishi yote ya kitako, hata yale yaliyofutika, kwa kuyamulika taa kutoka ubavuni usiku.

Ya tatu, chungulia ndani. Sanamu nzuri ina tundu dogo chini la kutolea maji. Pitisha kamera ya waya. Unatafuta vitu viwili: mifupa ya chuma iliyoachwa ndani tangu kiwandani, na udongo wa kalibu uliobaki. Chuma kikishika kutu huvimba na kupasua shaba. Udongo hunyonya maji na kuongeza uzito ambao hesabu yako haikuuona. Hapo ndipo watu hukodi kreni ndogo.

Ya nne, kunyanyua. Tumia mikanda mipana ya nailoni, kamwe si minyororo. Pitisha kwapani na kiunoni, usifunge mkono wala upanga, maana hivyo ni vipande vilivyoungwa na vitachomoka. Mkanda uwe na uwezo wa mara saba ya mzigo. Kreni ikishavuta kiasi, tuseme nusu ya uzito, na kipimo kinaonyesha hivyo, ndipo fundi anakata pini kwa msumeno mwembamba unaopita kwenye mstari wa saruji kati ya bamba na jiwe. Ukikata kabla ya kreni kushika, umerudi kwenye kilo 46. Ukivuta uzito wote kabla ya kukata, pini inapoachia sanamu inaruka juu na kuyumba. Na kumbuka: kreni ya tani 25 hubeba tani 25 ikiwa karibu kabisa. Mkono ukinyooka kupita miti na waya za umeme, inabeba sehemu ndogo tu ya hizo. Pima umbali, soma jedwali la kreni, usiamini namba iliyoandikwa ubavuni.

Ya tano, kulaza. Kitanda cha mbao kavu chenye sponji nene, sanamu chali, kichwa kimeegemezwa. Ukiilaza kifudifudi pua na vidole ndivyo vitabeba kilo 350.

Kuhifadhi Dar ni kugumu kuliko Hamburg. Chumvi ya bahari ikiingia kwenye shaba, na hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 70 au 80, kutu ya kijani hafifu inayofanana na unga huendelea kula hata ndani ya stoo. Osha kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa, kausha, paka nta, na kagua kila mwaka. Ila rangi iliyomwagwa na waandamanaji, mikwaruzo na mbonyeo wa kuanguka usiviguse. Sanamu iliyoangushwa ikisafishwa na kunyooshwa inageuka kuwa sanamu iliyohamishwa tu, na anayeitazama baadaye hatajua kwamba watu waliikataa.

Karani_Nyaraka

Nyongeza kuhusu picha, Mwalimu, maana kibao chako kitahitaji moja na hapo ndipo makosa huingia.

Picha ya Dar itakuwa na kitako kirefu, mimea ya kwetu, na mara nyingi watu wamepangwa kwa ukubwa wa cheo. Picha ya Hamburg ina jengo lenye kuba nyuma, na kuanzia 1935 kuendelea angalia kama Dominik yupo upande wa pili wa lango. Picha yenye meli na maji ya mto nyuma ni ya 2004 au 2005. Akiwa amelala ndani ya ukumbi wenye taa za maonyesho, ni Berlin. Na kuna sanamu nyingine kabisa ya Wissmann katika mji wa Bad Lauterberg milimani Harz, ya 1908, ambayo bado imesimama. Picha yake hutumiwa mara kwa mara kana kwamba ni ya Dar.

Mahali pa kutafuta: Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt inahifadhi picha za Shirika la Kikoloni la Ujerumani, makumi ya maelfu, na zinaonekana mtandaoni bure. Andika jina la mji kwa tahajia ya Kijerumani ya wakati ule, Daressalam, neno moja. Mafaili ya wizara ya makoloni yapo Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani, Berlin, chini ya alama R 1001. Hapa nyumbani, Idara ya Nyaraka Dar es Salaam ina mafaili ya Wajerumani yaliyoachwa, mfululizo wa G. Yanasomeka kwa shida kwa sababu sehemu kubwa imeandikwa kwa mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani. Ukipata msomaji wa mwandiko huo, mpe majina ya mitaa kwanza, kwa sababu ndiyo yanayobadilika na kupotosha.

Kosa la "1916 ilibomolewa" linaeleweka lilikotoka. Mtu aliona kabla ya vita ipo na baada ya vita haipo, akajaza katikati. Waliofuata wakanakili.

Mwl_Kivukoni

Nimewapata vizuri, ahsanteni sana. Swali moja limebaki. Yule askari wa chini anayemtazama Wissmann, ndiye huyuhuyu anayekumbukwa na Sanamu ya Askari ya sasa? Wanafunzi watauliza, kwa sababu kwenye picha wanafanana: sare, bunduki, Mwafrika asiye na jina.

MwanaPangani

Si yeye, na tofauti hiyo ndiyo ningependa ichukue nafasi kubwa kuliko zote kwenye kibao.

Askari wa Kürle ni sehemu ya pambo la bwana wake. Hana jina, hana kaburi, kazi yake ni kumtazama mtu mweupe kwa juu na kufunika simba kwa bendera. Anawakilisha jeshi la Wissmann, ambalo mwaka 1891 liligeuzwa rasmi kuwa Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani. Watu wa pwani waliomwona 1909 walijua alifanya nini Pangani na Kilwa, na kuanzia 1905 hadi 1907 kusini yote. Haikuwa sura ya kupendeza hata kama ni ya Mwafrika.

Sanamu ya sasa ni ya 1927, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, na inawakumbuka waliokuwa upande wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Ameshika bunduki yenye singe, ameielekeza bandarini. Maandishi ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanawataja askari wa Kiafrika na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Stevenson alitengeneza pia kumbukumbu za Mombasa, 1927, na Nairobi, 1928. Ile ya Nairobi inamwonyesha mpagazi kwa shaba. Yetu ya Dar ina askari peke yake juu ya kitako, ingawa wapagazi walikufa kwa makumi elfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi, na ingawa mtaa mzima wa Kariakoo umebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps. Ukisimama na wanafunzi pale, waambie wamtafute mpagazi. Juu ya kitako hawatamwona.

Kwa hiyo askari wawili hawa, mmoja wa Kijerumani na mmoja wa Kiingereza, walipigana wao kwa wao, wakati mwingine wakiwa wa kabila moja na kijiji kimoja.

Ukipata nafasi, mtaje Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, mtoto wa askari, na yeye mwenyewe akaingizwa katika jeshi la Wajerumani angali mtoto. Mwaka 1929 akaenda Ujerumani, akadai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa tangu vita. Wakamwambia amechelewa kudai. Alifundisha Kiswahili chuo kikuu Berlin, na katika mikutano ya waliotaka makoloni yarudi alivalishwa sare na kusimamishwa jukwaani kama yule wa shaba. Mwaka 1941 akakamatwa, akafa katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Mwanafunzi akisikia hayo ataelewa kwa nini askari mtiifu wa Kürle ni uongo uliofanywa kwa ustadi.

Kuna jambo linalofanana huko Hamburg. Mtaa wa Jenfeld kuna michongo miwili mikubwa ya udongo wa kuchoma, kazi ya Walter von Ruckteschell, iliyowekwa 1939 katika kambi ya jeshi iliyokuwa hapo: askari na wapagazi wa Afrika Mashariki wakiwafuata maafisa wao. Kambi ilipofungwa, ukatokea mpango wa kuipanga michongo hiyo upya kama bustani yenye jina la Tanzania. Mwaka 2003 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitazamiwa kuhudhuria uzinduzi. Wanaharakati walipaza sauti, hakwenda. Michongo bado ipo, ndani ya uzio. Huo ni mfano wa sanamu iliyobaki mahali pake bila maelezo ya kutosha, na kila miaka michache ugomvi unarudi palepale.

Berlin walichukua njia nyingine kuhusu jina. Mtaa wa Wissmann katika wilaya ya Neukölln ulibadilishwa 2021 ukaitwa Lucy Lameck, yule mama wa Kilimanjaro aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza bungeni kwetu na baadaye naibu waziri.

Maandishi ya kibao ningeyaweka hivi, yapunguze upendavyo:

"Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza vita dhidi ya watu wa pwani 1889 na 1890. Katika vita hivyo Abushiri bin Salim al-Harthi alinyongwa Pangani. Chini ya miguu ya Wissmann palikuwa na askari Mwafrika asiye na jina. Waingereza waliuteka mji 1916, kisha wakaipeleka sanamu London. Mwaka 1922 ilisimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi wa huko waliomba iondolewe 1961, wakaiangusha 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968. Haijasimamishwa tena chuoni. Sanamu ya Askari unayoiona leo ni ya 1927. Inawakumbuka askari na wapagazi wa upande wa Waingereza, 1914 hadi 1918."

FundiShaba

Maandishi hayo ni chini ya maneno 100, yanaingia kwenye A2 kwa herufi za pointi 36 na bado unabaki na nusu ya ubao kwa picha mbili. Weka ile ya Dar na ile ya 1968 akiwa chini, kwa ukubwa sawa. Ukingo wa chini wa kibao uwe sentimita 90 kutoka ardhini na kiinamishwe nyuzi 30 hivi, la sivyo jua la saa sita litafanya kibao kisisomeke. Picha zichapwe kwenye alumini, si karatasi iliyowekwa plastiki. Kwa hewa ya Kivukoni, plastiki inaingia maji pembeni ndani ya msimu mmoja wa masika.

Karani_Nyaraka

Na kwenye picha ya Dar usiandike chini yake "Wissmann" peke yake. Andika: "Wissmann na askari, Dar es Salaam, baada ya 1909", kisha jina la hifadhi na namba ya picha. Namba ndiyo itakayomwezesha mwanafunzi wa miaka ishirini ijayo kuikagua mwenyewe.